Njia ya Gari la Moshi ya Bububu: Kilichopotea na Kinachoweza Kuokolewa

Wengi wanaopanda daladala za Bububu, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, kila siku hawajui kwamba wanapita sambamba na njia ya zamani ya gari la moshi. Reli hiyo ya maili 7 hivi, yaani kama kilomita 11, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney mnamo 1904 na 1905. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaa myembamba ya Mji Mkongwe na kufuata pwani kuelekea kaskazini. Wala haikuwa ya kwanza Unguja, kwani mwaka 1879 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alikwisha kuweka reli ya kwendea kasri lake la Chukwani, ambayo mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu kabla ya kuletwa injini ya mvuke kutoka Uingereza; nayo iling'olewa baada ya kufariki kwake mwaka 1888.

Abiria wengi wa Bububu walikuwa wananchi wa kawaida, ingawa liliwekwa pia behewa la daraja la kwanza kwa wageni wa meli waliotaka kuona mashamba. Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na motokaa kuongezeka, huduma ya abiria ilisita mwaka 1922, na kwa miaka michache baadaye njia ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Kisha vyuma viliondolewa, na majengo na madaraja yake mengi yakatoweka. Kinachoonekana leo ni matuta yaliyobeba reli na mabaki ya madaraja machache kando ya barabara.

Sheria ya kulinda mambo ya kale ya Zanzibar ilitungwa mwaka 1927, wakati ambao reli hii ilikuwa inafikia mwisho wake. Kwa maoni yangu, macho ya wakati huo yalielekea kwenye magofu, misikiti ya kale na majumba ya masultani, na kitu kilichojengwa juzi kwa ajili ya kazi hakikuhesabiwa kuwa urithi. Mtazamo huo bado tunao, na ndio unaotuumiza zaidi. Hebu tuitazame Ngome Kongwe: mwanzoni mwa karne ya 20 iliwahi kutumika kama bohari ya ujenzi wa reli, na imesalia kwa sababu kila zama ziliipatia matumizi, hadi ilipokarabatiwa miaka ya 1990 na kuwa mahali pa maonyesho ya sanaa.

Sishauri kujenga stesheni mpya yenye sura ya zamani. Hiyo itakuwa mapambo tu. Kinachohitajika kwanza ni kupima na kupiga picha kila tuta na kila nguzo ya daraja iliyobaki, kuilinganisha na ramani za zamani, na kuwahoji wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za safari hizo. Pale penye ukuta wa mawe ya matumbawe, usizibwe kwa saruji. Saruji huzuia unyevu usitoke. Chumvi hujikusanya nyuma yake, jiwe likaanza kumomonyoka na kuwa unga, na baada ya misimu michache plasta hubambuka pamoja na uso wa ukuta. Fundi atumie chokaa iliyozimwa kwa maji na kuachwa ikaiva kwa muda mrefu, aipake tabaka jembamba juu ya jingine, na kila tabaka alipe nafasi ya kukauka polepole kivulini.

Mwenye kiwanja kilichopitiwa na tuta, kabla ya kulisawazisha au kuchimba msingi, tunamwomba amjulishe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yake, ili wataalamu wa mambo ya kale wafike kupima. Vilevile, mwenye picha ya gari la moshi, tiketi au kipande cha reli nyumbani asikiuze kama chuma chakavu, bali akilete kinakiliwe, kisha arejeshewe mwenyewe.