Gego limeng'olewa ughaibuni: Jumamosi naweza kutoka?

Maswali haya huulizwa na watu wanaoishi mbali na kwao, mara nyingi usiku, shavu likiwa limeshavimba. Karibu yote yanahusu gego la mwisho, lile linaloota kati ya miaka 17 na 25. Wengi huliita jino la hekima. Hekima yake mimi sijaiona: linachelewa kuja, linakuta nafasi imekwisha, kisha linamwegemea mwenzake mpaka yote mawili yanauma.

Nang'olewa gego Alhamisi, na Jumamosi rafiki yangu ana sherehe. Niende?

Kwenda unaweza. La kujiuliza ni mdomo wako utafanya nini ukishafika.

Jino likitoka, shimo lake hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge. Donge hilo ndilo bandeji yako. Limefunika mfupa na ncha za mishipa ya fahamu, na humo ndimo nyama mpya itakamoanza kuota. Karibu kila katazo utakalopewa kliniki, usiteme kwa nguvu, usifyonze, usisukutue siku ya kwanza, usivute sigara, lipo kwa ajili ya kulilinda. Ukilielewa donge, huhitaji kukariri orodha.

Sasa hesabu siku. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, yaani Jumamosi hiyo hiyo. Taya nalo hukaza, mdomo unafunguka nusu. Ukumbini utalazimika kuongea kwa kupaza sauti juu ya muziki, utaletewa glasi yenye mrija, na kuna mtu atakukumbatia kwa furaha na kukugonga shavu kwa bega. Kama jino lilitoka kirahisi kwa koleo, nenda, kaa saa moja, kunywa maji kwa glasi, rudi ulale kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Kama ufizi ulipasuliwa na mfupa ukachongwa, mwombe rafiki radhi. Wiki inayofuata utamtembelea ukiwa mtu.

Upasuaji wenyewe ukoje? Ninaogopa.

Ganzi kwanza. Gego likiwa limekwama, daktari huukata ufizi, huchonga mfupa kidogo, mara nyingi hulikata jino vipande ili lipite, kisha hushona. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, na kelele za mashine ambazo ndizo hasa zinazotisha. Maumivu makali hutakiwi kuyasikia. Ukiyasikia inua mkono, ganzi itaongezwa. Kubalianeni ishara hiyo kabla ya kuanza, hasa kama lugha ya hapo bado inakupiga chenga, maana ukiwa umefungua mdomo hata lugha ya mama haitoki.

Kliniki imeniambia nije na mtu wa kunisindikiza. Huku sina ndugu.

Uliza kwanza utapewa nini. Ikiwa ni sindano ya ganzi tu, kwa kawaida unarudi mwenyewe. Ikiwa utapewa dawa ya kukusinzisha au nusukaputi, kliniki nyingi hazitaanza bila mtu mzima wa kukupeleka nyumbani, na zina haki. Kwa saa 24 hutakiwi kuendesha gari wala kusaini mkataba. Nimewahi kusikia mtu akiwaza kumlipa dereva wa teksi ajifanye shemeji yake. Dereva huyo atakushusha mlangoni aende zake. Wewe unahitaji mtu wa kukaa nawe, akuangalie unapumua vizuri na huvuji damu. Jirani wa chumba, mwenzako wa kazini, mtu wa msikiti au kanisa unalosali: waombe mapema, wiki nzima kabla. Watu hukubali mambo haya kuliko tunavyodhani. Ukimkosa kabisa, mwulize daktari kama kazi hiyo inawezekana kwa ganzi peke yake.

Na kabla ya siku yenyewe, andika kwenye karatasi, kwa lugha ya nchi uliyopo, magonjwa yako, mzio wako na dawa unazotumia. Dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kuimarisha mifupa, ujauzito, tatizo la vali za moyo na seli mundu hazifichwi. Ukiona lugha haitoshi, omba mkalimani. Usimfanye mtoto wako wa miaka kumi kuwa mkalimani wa upasuaji.

Daktari wa nyumbani aliniandikia "jino namba 16". Huku wanasema 16 si jino ninaloumwa. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Namba za meno hubadilika ukivuka mipaka. Sehemu kubwa ya dunia hutumia tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Kwa mfumo huo magego ya mwisho ni 18, 28, 38 na 48, na 16 ni gego la kwanza la juu kulia. Marekani huhesabu moja kwa moja kutoka 1 hadi 32, na magego ya mwisho ni 1, 16, 17 na 32. Kwa hiyo 16 ya Marekani ni gego la mwisho la juu kushoto, upande mwingine kabisa wa kinywa. Na 32, ambayo kwao ni gego la mwisho la chini kulia, kwa wengine ni jino dogo la mbele.

Namba peke yake isikuridhishe. Barua iandikwe kwa maneno, "gego la mwisho la chini kulia", na iambatane na picha ya eksirei. Kabla ya sindano, ligusishe jino kwa kidole mbele ya daktari. Hataudhika.

Nimepewa dawa za hapa, nyingine nimekuja nazo. Nizichanganye?

Hapa ndipo watu wanapojidhuru bila kujua. Parasetamoli ina majina mawili. Marekani, Kanada na Japani huitwa asetaminofeni, na pakiti huandikwa *acetaminophen*. Ni dawa ile ile. Panadol ni hiyo, Tylenol ni hiyo, Doliprane ya Ufaransa ni hiyo, na dawa nyingi za mafua zimeichanganya ndani. Mtu anameza Panadol aliyotoka nayo nyumbani, halafu Tylenol ya duka la jirani, akidhani amebadilisha dawa kwa kuwa ya kwanza haikumsaidia. Kumbe ameirudia.

Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Lakini vidonge havifanani uzito: kuna vya 325, vya 500, na vya 1000. Soma miligramu, usihesabu vidonge. Ini likiharibika kwa parasetamoli haliumi siku ya kwanza, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kwa maumivu ya jino lililong'olewa, ibuprofeni pamoja na parasetamoli hufanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake, kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, wala ujauzito. Dozi ya kwanza meza kabla ganzi haijaisha. Ganzi ya taya la chini hukaa saa 3 hadi 5, na ukisubiri maumivu yafike ndipo utafute maji, yatakuwa yameshatangulia. Aspirini iache isipokuwa ni dawa yako ya moyo uliyoandikiwa, kwa sababu huzidisha kutoka damu. Ukiwa unaitumia kwa moyo, usiikatize bila kumwuliza daktari.

Bia moja tu, je? Na shisha?

Pombe iache saa 24 za kwanza kwa uchache, na iache kabisa kama umepewa dawa za maumivu zenye kulevya. Ukipewa metronidazole, aina ya antibiotiki, maelekezo yake yanakataza pombe mpaka siku 2 au 3 baada ya kidonge cha mwisho. Tafuta jina hilo kwenye pakiti kabla hujapokea glasi.

Sigara ni mbaya zaidi ya bia. Moshi hubana mishipa midogo ya damu na kule kufyonza hung'oa donge. Shisha unaivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, kwa hiyo ina madhara yote mawili kwa mkupuo mmoja. Jizuie saa 72, ikiwezekana wiki. Hoja ya kwamba "nitavuta upande wa pili" nimeisikia mara nyingi. Kinywa hakina ukuta katikati.

Siku ya pili nilikuwa nafuu, siku ya nne maumivu yamerudi makali mpaka sikioni. Na shimoni naona kitu cheupe. Ni usaha?

Chukua kioo na tochi ya simu, simama penye mwanga, uangalie taratibu bila kuingiza kidole. Ukiona shimo lina donge jekundu lililoiva mpaka kukaribia weusi, au utando mweupe unaoelekea njano umeshikamana juu yake, hiyo ni hali ya kawaida. Utando huo ni sehemu ya kupona. Wengi huukwangua kwa mswaki wakidhani ni uchafu, na hapo ndipo wanapojiletea shida.

Ukiona shimo tupu, kavu, na chini yake kitu kigumu cha rangi ya kijivu au nyeupe, hapo donge limetoka na mfupa uko wazi. Hali hii huitwa shimo kavu. Huanza kati ya siku ya 2 na ya 5, maumivu hupanda hadi sikioni na kwenye paji, na mdomo hunuka. Huwapata zaidi wavutaji sigara, waliong'olewa magego ya chini kwa shida, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Antibiotiki haiitibu. Inayotibu ni kurudi kliniki, shimo lioshwe na kujazwa dawa ya kutuliza, na nafuu huja mara nyingi siku hiyo hiyo. Usikae nyumbani ukivumilia kwa kuona haya kurudi kwa watu usioijua vizuri lugha yao. Sema tu "siku ya nne, maumivu yamezidi". Ndani ya sentensi hiyo daktari wa meno anasikia kila kitu.

Damu haikomi, ni saa sita usiku.

Mate yenye wekundu kwa siku nzima ni kawaida. Damu kidogo ikichanganyika na mate mengi hutisha kuliko ilivyo. Inayojaa mdomo ndiyo ya kushughulikia. Keti wima, kunja shashi safi iliyolowanishwa kidogo, iweke juu ya shimo hasa, kisha uma kwa nguvu dakika 30 bila kufungua kuchungulia. Huko kuchungulia kila dakika tano ndiko kunakoirudisha. Kama huna shashi, mfuko wa majani ya chai uliolowekwa na kukamuliwa hufaa. Ikiendelea baada ya hapo, tafuta huduma. England piga 111, watakuelekeza kwa daktari wa meno wa dharura.

Usisubiri hata dakika ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu kuelekea shingoni, mate hayamezeki, sauti imebadilika au pumzi inakuwa nzito. Hapo ni hospitali, kwa gari la wagonjwa: 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Homa ya zaidi ya nyuzi 38 pamoja na uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu nayo inataka daktari siku hiyo hiyo.

Ninataka kuja nyumbani ning'olewe huko, ni rahisi zaidi. Halafu nirudi kazini.

Wazo si baya, lakini usiweke upasuaji siku moja kabla ya safari, kosa linalofanywa na wengi kwa kuwa likizo huwaishia. Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlimani, mita 1800 hadi 2400, na shimo bichi huweza kupwita. Zaidi ya hapo, ukitokwa na damu juu ya bahari hakuna kliniki. Weka wiki moja nzima katikati, upate na siku ya kutazamwa tena. Gego la juu lina jambo lake: mizizi yake hukaribia uwazi wa mifupa ya shavu, na ukitoboka daktari atakukataza kupenga kamasi na kupanda ndege kwa wiki kadhaa. Mwulize wazi kabla hujaondoka.

Ondoka na barua: jino gani, kwa maneno, kama kuna mzizi uliobaki, umeshonwa na nyuzi zinazoyeyuka au za kutolewa. Nyuzi za kutolewa zilizosafiri na mwenyewe mpaka zikamezwa na ufizi ni kisa kinachojirudia.

Mazoezi, mpira, kusukutua, chakula?

Kukimbia na kunyanyua vyuma subiri siku 3 hadi 5, maana mapigo yakipanda damu huanza tena. Mpira wa kugongana subiri zaidi, kwa taya lililochongwa uliza daktari.

Kusukutua anza baada ya saa 24: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, baada ya kula, bila kuyazungusha kwa nguvu. Inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo maji yaanguke yenyewe kwenye sinki. Chakula kiwe laini na cha vuguvugu, tafunia upande wa pili, na epuka punje na mbegu ndogo zinazojificha shimoni. Punje ikiingia usiichokoe kwa kijiti. Kuanzia siku ya tano hivi, kama kliniki imekupa bomba dogo la sindano lisilo na ncha, lijaze maji ya chumvi na uisukume nje polepole.