Hofu ya Ibrahimu kule Gerari

Nafundisha Kiebrania cha Agano la Kale, na sura ninayoirudia kuliko zote ni Mwanzo 20, ile ambayo wahubiri wengi huiruka. Ibrahimu amefika Gerari, kusini mwa Kanaani, na kwa mara ya pili anamtambulisha mkewe, Sara, kuwa ni dada yake.

Mara ya kwanza ilikuwa Misri, wakati wa njaa. Mtu aliyeondoka Harani akiwa na miaka 75, kwa neno tu, bila hata kutajiwa nchi aendako, alianza kutetemeka alipoukaribia mpaka. Farao akamchukua Sarai, jina la Sara wakati ule, mume akapewa kondoo, ng'ombe, punda, watumwa na ngamia. Mwanzo 12 haisemi kama alilia. Gombo moja la Kiaramu lililopatikana mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, linamliza, tena linamwotesha ndoto: watu wanakuja kuukata mwerezi na kuuacha mtende, na mtende unapiga kelele kuuokoa mwerezi. Inapendeza, lakini mimi naupenda zaidi ule ukimya wa Mwanzo. Rabi Nachmanides, huko Hispania ya karne ya 13, hakumwonea haya: alisema baba yetu Ibrahimu alitenda dhambi kubwa, ingawa bila kukusudia.

Turudi Gerari. Abimeleki, mfalme wa pale, amemchukua Sara; usiku Mungu anamwonya ndotoni kwamba ni mke wa mtu. Anaamka alfajiri, anawaita watumishi na kuwasimulia, nao wanaogopa sana. Ndipo anamwita mgeni: uliona nini hata ukatenda hivi? Ibrahimu anajibu kwamba alidhani mahali hapa hapana hofu ya Mungu.

Hapa Kiswahili chetu kinatupiga chenga. Sisi tunaye simba wa kumwogopa na Mungu wa kumcha, maneno mawili. Kiebrania kina mzizi mmoja, yod-resh-alef, kwa yote mawili. Kwa hiyo msomaji wa Kiebrania anawaona watumishi wakishikwa na hofu kwenye aya ya 8, halafu aya ya 11 anamsikia Ibrahimu akisema hofu hiyo haipo. Sura mbili mbele, mlimani alikokuwa tayari kumtoa mwanawe sadaka, mzizi huohuo unamrudia yeye: "sasa najua ya kuwa unamcha Mungu."

Aya ya 13 ndiyo inayonishika zaidi. Ibrahimu anakiri kwamba mpango huu ni wa tangu walipotoka kwa baba yake: kila mahali tutakapofika, useme huyu ni kaka yangu. Kila mahali! Kumbe watu wa Gerari hakuwapima kabla ya kuwahukumu. Hukumu yao ilikuwa imeshafungwa kwenye mizigo. Na kitenzi anachotumia kwa safari yake, Mungu aliponitoa nizunguke, ni kilekile cha kondoo aliyepotea njia. Tunayemwita baba wa imani aliiona hivyo safari yake.

Tusimcheke, lakini. Mgeni asiye na ukoo wa kumlipia kisasi alikuwa mtu rahisi kuuawa, na kuna mume mgeni aliyeuawa kweli kwa ajili ya mkewe. Soma 2 Samweli 11. Aliyekufa ni Uria Mhiti, na aliyemuua ni Daudi, mzao wa Ibrahimu mwenyewe.

Abimeleki analipa vipande 1000 vya fedha, anamrudisha Sara, na kumwambia mgeni akae popote apendapo. Mfalme wa Misri alikuwa amemfukuza. Na Ibrahimu huyohuyo, aliyetoka kusema uongo, anaitwa nabii na kutakiwa awaombee wenyeji, kwa kuwa Bwana alikuwa ameyafunga matumbo yote ya nyumba ya Abimeleki kwa ajili ya Sara. Anaomba, na wanawake wa nyumba ile wanaanza kuzaa, huku Sara, aliyesubiri mtoto miaka yote hiyo, angali tasa.