Je, wajua ubongo una kisima chake cha homoni?

Nyumba za kale za mawe hapa Lamu, nyingi zina kisima ndani. Mfereji ukikauka, watu hawatoki na ndoo. Huteka maji mumo humo. Ubongo nao una kisima chake.

Shuleni tulisomeshwa kwamba homoni za steroidi hutoka kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, na kwenye ovari au korodani, kisha damu huzisambaza. Ni kweli, ila si yote. Mwaka 1981 mwanasayansi Mfaransa Étienne-Émile Baulieu na wenzake walieleza kuwa panya waliotolewa tezi hizo walibaki na steroidi ubongoni. Mfereji umekatwa, na maji bado yamo!

Malighafi yake ni kolesteroli, ile tunayotishwa nayo tukipimwa damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini una karibu robo ya kolesteroli yote, na huitengeneza wenyewe. Kolesteroli huingizwa ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na huko kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali) huikata mkia ikawa pregnenoloni. Vimeng'enya vingine huigeuza projesteroni, kisha alopregnanoloni. Steroidi hupenya utando wa seli kwa urahisi, kwa hiyo haziwekeki akiba, hupikwa zinapohitajika. Ndiyo sababu ubongo huzidhibiti pale kolesteroli inapoingia mitokondria, na kwa kuongeza au kupunguza vimeng'enya.

Alopregnanoloni ikishika vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, milango ya vipokezi hivyo hukaa wazi zaidi, kloraidi (chembe zenye chaji hasi) ikaingia, neva ikatulia. Ni suala la dakika chache.

Linalonigusa mimi ni la mzazi. Katika mimba, kondo la nyuma hummiminia mama projesteroni, na alopregnanoloni hupanda sana. Akijifungua, mfereji ule hufungwa ghafla. Yuko ndani ya arubaini yake, kakandwa maji ya moto, bakuli la uji wa pilipili manga linapoa pembeni, naye analia, hajui analilia nini. Kumwambia hana shukrani ni kumuonea: wanasayansi wanahusisha hali hiyo na anguko hili la homoni. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha breksanoloni kwa unyogovu wa baada ya kujifungua. Ni alopregnanoloni yenyewe, iliyokuwa ikitiwa mshipani kwa saa 60, hadi ilipoondolewa sokoni mwisho wa 2024. Mwaka 2023 ikafuata zuranoloni, dawa ya kumeza, kila jioni kwa siku 14.