Tandi Dorji wa Bhutan: daktari wa watoto aliyeishia kutafuta dozi duniani

Mimi nafanya kazi ya chanjo, na watu wa kazi hii tukitajiwa Bhutan kinachotujia kichwani ni kimoja, kwamba mwaka 2021 walichanja karibu watu wazima wote wa nchi dhidi ya korona ndani ya wiki mbili hivi. Sifa nyingi zinaenda kwa waziri mkuu wa wakati ule, Lotay Tshering, bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo ambaye Jumamosi alikuwa bado anaingia thieta hata akiwa madarakani. Anastahili kabisa. Ila kwangu mimi mtu wa kumfuatilia kwa karibu ni waziri wake wa mambo ya nje, Tandi Dorji, daktari bingwa wa watoto, manake ile dozi ya pili haikuwa tena suala la hospitali, ilikuwa suala la nani atakubali kukupa.

Tuanze na alivyofika pale. Bhutan uchaguzi wa kwanza wa bunge ulikuwa 2008, na mtumishi wa umma akitaka siasa lazima aache kazi kwanza, jambo ambalo kwa daktari ni zito sana kwenye nchi ya watu laki saba na ushee yenye madaktari mia chache tu. Chama chao, DNT (Druk Nyamrup Tshogpa), kilianza 2013 na kwenye raundi ya kwanza kikawa cha tatu, na kule vyama viwili tu ndo vinaenda raundi ya pili, kwa hiyo wakawa nje. Mwenyekiti wao Dorji Choden akahamia kwa washindi na akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo. Chama kikabaki mikononi mwa Tandi Dorji, miaka kadhaa bila kiti hata kimoja bungeni, na kukilea chama cha namna hiyo sio kazi ndogo. Mei 2018 wanachama wakamchagua Lotay kuwa kiongozi, Tandi Dorji akabaki humo humo, akagombea Lingmukha-Toewang huko Punakha, na Oktoba wakachukua viti 30 kati ya 47.

Sasa njoo kwenye chanjo. Januari 2021 India iliwapa zawadi ya dozi 150,000 za Covishield, yaani AstraZeneca inayotengenezwa India. Nchi nyingi zingeanza kuchoma kesho yake. Wao wakaziweka kwenye majokofu wakasubiri, sababu moja ni wanajimu waliosema kipindi kile sio kizuri, na nyingine walitaka kuchanja watu wote kwa mpigo sio kwa mafungu. Machi zikaja 400,000 nyingine, tarehe 27 wakaanza, na wa kwanza kuchanjwa alikuwa mwanamke aliyezaliwa mwaka wa nyani kwa kalenda yao. Kitaalamu mimi naukubali ule uamuzi wa kusubiri. Kichupa cha Covishield kina dozi 10 na ukishakifungua una saa 6 tu, sasa kwenye vijiji vya milimani ambako wahudumu wanapanda kwa miguu na kwingine chanjo inapelekwa na helikopta, ukichanja watu watatu leo na wanne wiki ijayo unamwaga nusu ya mzigo.

Halafu ndo balaa likaja. Aprili India ikazidiwa na wimbi lake la korona, chanjo zikaacha kutoka nje, na Bhutan yote ilikuwa imetegemea mlango huo mmoja. AstraZeneca muda wa kungoja dozi ya pili uliokuwa unashauriwa ni mpaka wiki 12, hesabu kutoka tarehe 27 Machi utaona wiki hizo zinaisha katikati ya Juni, na Juni jokofu halina kitu.

Hapa watu wengi hawajui kitu kimoja muhimu. Bhutan haina uhusiano rasmi wa kibalozi na mwanachama yeyote wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, sio Marekani, sio China, sio Urusi, sio Uingereza, sio Ufaransa. Ni sera yao ya miaka mingi ya kukaa mbali na ugomvi wa wakubwa. Kwa hiyo ukitaka kuomba dozi Washington unapitia New Delhi au Umoja wa Mataifa, na pembeni yako kuna nchi mia nyingine zinaomba kitu hicho hicho. Lakini Julai zikafika dozi 500,000 za Moderna, chanjo ya aina nyingine, kutoka Marekani kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, Denmark ikatoa AstraZeneca 250,000, Croatia na Bulgaria nazo zikachangia, China ikatuma dozi 50,000 za chanjo yake ya Sinopharm. Tarehe 20 Julai wakaanza dozi ya pili, wiki kama 16 baada ya ya kwanza, na ndani ya wiki moja asilimia 90 ya waliostahili walikuwa wamechanjwa.

Angalia vizuri, wengi walichomwa Moderna juu ya AstraZeneca, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kipya, ingawa Ujerumani ilikuwa imeshaanza kukishauri kwa walio chini ya miaka 60. Kwenye baraza lile la mawaziri waziri mkuu ni daktari, wa mambo ya nje ni daktari, wa afya, Dechen Wangmo, ni mtu wa afya ya jamii. Naamini ndo maana hawakujifunga kwenye aina moja, manake anayeomba nje akielewa kwamba Moderna ikishayeyuka inakaa siku 30 kwenye jokofu la kawaida, hawezi kuikataa eti hatuna friza za kutosha kila kijiji.

Baada ya hapo akarudi kwenye mgonjwa wa siku zote, mpaka na China, mazungumzo yaliyoanza 1984, na maeneo yanayogombewa ni haya: Doklam upande wa magharibi, Jakarlung na Pasamlung kaskazini, na 2020 China ikaibua na Sakteng mashariki. Oktoba 2021 alisaini na China makubaliano ya hatua tatu kuhusu mpaka kwa njia ya video, na Oktoba 2023 akaenda mwenyewe Beijing, waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa Bhutan kufika huko, kwa raundi ya 25 ya mazungumzo ya mpaka wakati ya 24 ilikuwa 2016. Walisaini majukumu ya timu ya pamoja ya wataalamu wa kuchora mpaka, China ikasisitiza inataka uhusiano wa kibalozi ufunguliwe, yeye akarudi bila kuufungua, na India ilikuwa inafuatilia kila neno. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo DNT ikaangushwa kwenye raundi ya kwanza ya uchaguzi. Mpaka na China haujachorwa.