Maji ya rangi ya batiki: hewa kwanza, siki baadaye

Naandika kwa ajili ya vikundi vidogo vya batiki hapa Iringa, vile vya watu watano hadi kumi wanaofanyia kazi uani, wakiwa na mabeseni, jiko la kuni na kamba ya kuanikia. Kikundi cha namna hii kikiulizwa kinafanya nini kuhusu mazingira, hutaja miti kiliyopanda na chupa kilizookota. Ni kazi njema, na iendelee. Lakini haigusi kile kinachotoka uani kila siku ya kazi, yaani ndoo ya rangi iliyokwisha nguvu. Mji wetu uko juu na mteremko ni mkali. Maji ya mferejini hushuka bondeni hadi Mto Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huenda kujaza bwawa la Mtera. Njiani kote huko kuna watu wanaochota, wanaofua na wanaomwagilia mboga.

Ndani ya ndoo hiyo kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni kostiki soda, inayounguza ngozi na mizizi. Cha pili ni haidro, yaani sodiamu haidrosalfaiti, ambayo hula oksijeni. Kwenye rangi hiyo ndiyo kazi yake, maana inapoinyang'anya rangi oksijeni, rangi huyeyuka na kupenya kwenye pamba. Ikifika mtoni inaendelea kula, safari hii oksijeni ya samaki. Cha tatu ni rangi yenyewe iliyobaki.

Uzuri wa rangi hizi za kostiki na haidro ni kwamba hewa inayozigandisha kwenye kitambaa huzigandisha pia kwenye ndoo. Rangi ikisharudishiwa oksijeni haiyeyuki tena majini, inazama. Kwa hiyo huhitaji mtambo wala dawa ya bei, unahitaji subira na mpangilio sahihi.

Kabla ya kuamua kwamba rangi imekwisha, ichungulie. Rangi iliyo hai ina utando unaong'aa juu, na maji ya chini yana rangi tofauti na ile itakayotokea kwenye kitambaa. Bluu, kwa mfano, huonekana kijani-njano. Chovya kipande cha pamba nyeupe, kitoe, kipeperushe. Kikibadilika rangi hewani, ndoo hiyo bado ina kitambaa kimoja cha rangi iliyopauka kidogo. Wengi humwaga hapa, na wanamwaga fedha. Kama maji yote yameshageuka rangi moja juu hadi chini, ongeza haidro kidogo, funika dakika kumi, jaribu tena. Usiongeze kostiki, maana haidro ndiyo huisha mapema.

Ikishakwisha kweli, imimine kwenye ndoo pana ya plastiki isiyo na mfuniko. Usitumie sufuria ya alumini hata kwa dakika moja: kostiki huila alumini, hutoa gesi inayowaka, na sufuria hutoboka. Koroga kwa mti, ukiinua maji na kuyaachia yaanguke ili yakutane na hewa. Dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, kwa siku mbili. Msimu wa baridi, Juni na Julai, ongeza siku ya tatu.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu aliyesikia kwamba siki inaua kostiki huimwaga siki siku ileile, haidro ikiwa bado ina nguvu. Haidro ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa, ile harufu ya kiberiti kinapowashwa, lakini kali mara nyingi zaidi. Inabana kifua, na kwa mwenye pumu ni hatari kabisa. Hewa kwanza, siki baadaye, na kazi yote ifanyike nje.

Siki kiasi gani? Gramu 10 za kostiki hutulizwa na mililita 300 za siki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 5. Ndoo uliyotia gramu 50 itataka kama lita moja na nusu. Hicho ni kiwango cha juu, kwa sababu haidro inapokufa hewani huzalisha asidi yake, nayo hula sehemu ya kostiki. Anza na nusu, koroga, pima. Na hii ndiyo sababu nawasihi wanavikundi wanunue mizani ndogo ya jikoni: kijiko cha mmoja ni kilima, cha mwingine ni tambarare, na kila kostiki iliyozidi utailipia tena kwa siki.

Kupima kunafanywa na manjano, kile kiungo cha jikoni. Changanya kijiko kimoja cha unga wa manjano na robo kikombe cha spiriti, acha itulie, chovya karatasi nyeupe isiyo na mng'ao, ianike kivulini, kisha ikate vipande vya upana wa kidole. Dondoshea tone la maji ya ndoo. Kostiki ikiwepo, karatasi hugeuka nyekundu ya kahawia papo hapo, kama damu iliyokauka. Endelea kutia siki kidogokidogo. Karatasi ikibaki na unjano wake, ndoo imetulia. Ndoo yenye rangi nyeusi itakudanganya kwa macho, kwa hiyo subiri rangi izame, upime maji ya juu.

Siki ya dukani ni ghali kwa kazi hii. Sisi wa mikoa hii tuna ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Ulanzi uliolala hadi ukapita mkangafu, yaani ule mkali wa kunywewa, ukawa mchachu kiasi cha kutonyweka tena, umeshakuwa siki. Nguvu yake haijulikani kwa kuangalia, basi karatasi ya manjano iwe ndiyo kipimo. Omba mabaki kilabuni wakati wa msimu, yachuje, yahifadhi kwenye madumu.

Baada ya siki, acha ndoo usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa mepesi juu na tope chini. Chota ya juu bila kutikisa, yapitishe kwenye pipa lenye kokoto chini, mchanga katikati na mkaa uliopondwa juu yake, yaishie kwenye shimo la kunyonya maji lililo mbali na kisima. Bustani ya mboga isipewe maji hayo, kwa sababu chumvi yake bado imo. Tope lioshe kwa maji mara mbili, lianike. Unga unaobaki ni rangi isiyoyeyuka. Ukiukoroga na gundi ya mbao iliyolegezwa kwa maji unapaka mapambo ya jukwaa vizuri kabisa. Vaa glavu na barakoa unapousaga.

Haya yote hayawezekani kwa rangi za baridi, zile za magadi soda na chumvi. Rangi yake iliyobaki hukaa imeyeyuka, haizami kwa hewa wala kwa subira. Kikundi kisicho na pa kuyapeleka maji yake kisizitumie.

Kusuuza nako kunakula maji bila sababu. Panga mabeseni matatu: kitambaa kiende la kwanza, la pili, la tatu. Maji yasafiri kinyume. Beseni la kwanza likichafuka, mwaga hilo tu kwenye ndoo ya matibabu, sogeza la pili liwe la kwanza, na maji mapya yaingie la tatu. Maji hayo mapya yatoke kwenye bati: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 6 kwa 10 hukupa lita 600 kwa mvua ya milimita 10, ukitoa zinazopotea.

Nta, ile inayopakwa kitambaani ili rangi isipenye, inahitaji adabu moja: kitambaa kisuuzwe kostiki yote kabla ya kuchemshwa ili nta itoke. Nta ya nyuki ikikutana na kostiki hugeuka kama sabuni, huchanganyika na maji, hairudi. Ikichemshwa kwenye maji safi huelea. Ukikitoa kitambaa, kizamishe hapohapo kwenye maji baridi, nta iliyong'ang'ania itapukutika kwa kusugua. Sufuria ikae hadi kesho yake, uinue bamba zima la nta. Lina maji ndani, kwa hiyo liyeyushe kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Juu ya moto wenyewe litaruka. Nta hiyo ina uchafu wa rangi: itumie kwenye tabaka za mwisho, si kuziba sehemu nyeupe.

Moto wa kuchemshia, tumieni mabanzi na vumbi la mbao kutoka mashine za Mafinga kabla ya kununua mkaa. Ila mkatae mbao au nguzo yenye ukijani wa dawa. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na moto hauiondoi: sehemu hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu.