Tope la mchu

Ukija nami kwenye mikoko ya Bagamoyo, viatu unavyovipenda viache nyumbani. Tope linafika magotini, jeusi, linanuka yai viza. Wanafunzi huziba pua. Mimi tope ndilo lililonileta.

Harufu hiyo ni ya salfa. Sentimita chache tu chini hakuna oksijeni, kwa hiyo majani yanayoanguka hayaozi yakaisha. Yanalundikana mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ekari ya mikoko huhifadhi kaboni nyingi kuliko ekari ya misitu mingi ya bara, na ndiyo maana mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza mizizi juu kama vidole, ipate kupumua. Kati ya vidole hivyo kamba wachanga hujificha mpaka wakue.

Mchu huota hata kule juu kunakofikiwa na maji ya bamvua tu, yale yanayojaa kupita siku nyingine. Huko ndiko unakokatwa kupisha mashamba ya chumvi, maana ni tambarare na jua halina kizuizi. Sisemi chumvi ni dhambi, inalisha nyumba nyingi pwani hii. Lakini tuta likizuia maji, tope hukauka, hewa huingia, na ile salfa hugeuka asidi. Kaboni nayo hupotelea angani. Shamba likitelekezwa, mara nyingi hubaki uwanja mweupe usio na jani.

Hapo ndipo watu huja na fulana mpya na miche. Hupanda mkoko wenyewe, aina nyingine si mchu, kwa sababu tunda lake refu unalichomeka tu kama kijiti na picha inatoka nzuri. Mkoko si mti wa kule juu! Nami nilifanya hivyo nilipoanza kazi, safu zimenyooka kama mahindi. Baada ya masika vilibaki vijiti vikavu. Mvuvi mmoja mzee wa Kaole alivitazama, akaniuliza, "Mwanangu, maji umeyafungulia wapi?"

Kwao Kaole bandari ya kale imemezwa na mikoko, na hakuna aliyeipanda.

Siku hizi naanza na jembe. Nalitoboa tuta pale mkondo wa zamani ulipopita, kisha nangoja bamvua. Mbegu za mchu huelea, zinajileta zenyewe. Maji yakituama badala ya kutoka na kupwa, narudi kuchimba.