Maziwa, mlonge na mionzi: tunayoambiana Moshi na ukweli wake

Mama mdogo alipopangiwa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kupigwa mionzi ya saratani ya koo, meza yake hapa Majengo ilijaa "kinga": kopo la unga wa mlonge, vidonge vya vitamini E, na agizo la jirani kwamba anywe maziwa kila akitoka kwenye mashine.

Dhana: Maziwa husafisha mionzi mwilini.
Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha, kama taa. Maziwa anywe kwa utamu wake, na wajukuu wamkumbatie bila hofu.

Dhana: Kinga ikizidi ndiyo bora.
Hapa ndipo wengi tunateleza. Mionzi huvunja maji yaliyo ndani ya seli, zikazaliwa chembe kali zinazokata DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli. Vitamini E huzizima chembe hizo, lakini haichagui: inaweza kuilinda hata saratani yenyewe isiuawe na mionzi. Kanada walilijaribu hilo kwa wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo, matokeo yakatoka mwaka 2005. Waliomeza vitamini E pamoja na beta-karotini walipata madhara makali machache, ila uvimbe ukaelekea kurudi zaidi. Nafuu ya namna hiyo, mimi siitaki.

Dhana: Basi hakuna dawa ya kukinga.
Ipo: amifostini. Ilitoka kwenye maabara za jeshi la Marekani enzi za Vita Baridi, wakitafuta kinga ya askari dhidi ya bomu la nyuklia. Huingia mwilini ikiwa imelala. Kinachoiamsha ni kimeng'enya kilicho kingi kwenye tishu nzima na kichache kwenye uvimbe. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha itumike kulinda tezi za mate. Lakini si ya kumeza nyumbani: huchomwa kwenye mshipa dakika 15 hadi 30 kabla ya mionzi, mgonjwa amelala, presha inapimwa, maana huishusha na kutapisha. Si kila mgonjwa hupewa.

Dhana: Vidonge vya ayodini huzuia mionzi yote.
Hulinda tezi ya shingo tu, tena dhidi ya ayodini yenye mionzi, kama ile ya Chernobyl mwaka 1986.

Daktari alipomuuliza anatumia nini kingine, mama mdogo alifungua mkoba akapanga kila kitu mezani. Vitamini E ikasimamishwa. Akaelekezwa kwanza kwa daktari wa meno, na kusukutua kwa maji ya chumvi. Wiki ya tatu mate yalianza kukauka. Sasa haachani na chupa yake ya maji, hata kanisani.